Watu wa Kolo Wasio na Nyuso

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la studio ya picha, hatua chache kutoka stendi ya Babati, nikisubiri zamu yangu. Aliyekuwa kitini ni bibi mmoja wa Kibarbaig. Bangili za shaba zilimjaa mkononi kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, na macho yake yote mawili yalizungukwa na tojo za bluu iliyofifia, duara ndani ya duara. Alihitaji picha nne za pasipoti za kubandika kwenye fomu.

"Shikamoo bibi. Inua kidevu kidogo. Hapo hapo. Kitambaa kisogeze nyuma, masikio yaonekane."

Alipokwisha kumpiga, kijana wa studio akaifungua picha kwenye kompyuta, akaivuta karibu, na kwa mazoea ya kazi akaanza kulainisha ngozi. Doa la shavuni likafutika. Kunyanzi la paji la uso likafutika. Mshale ukasogea kuelekea jicho la kushoto. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake muda wote huo, anatazama.

"Hizo ziache, mjukuu wangu," akasema. "Nilichanjwa nikiwa msichana, nikavumilia."

Kijana akacheka, akaziacha, akaingiza karatasi kwenye printa. Zamu yangu ilipofika niliambiwa nivue miwani.

Kesho yake asubuhi nilipanda basi la Kondoa kwenda kuangalia watu ambao hawana macho kabisa.

Kutoka Babati hadi Kolo ni mwendo wa kama kilomita 80. Unaliacha Ziwa Babati na viboko wake, unapita Bonga, kisha gari linaanza kukwea kuelekea Bereko, na huko juu unakuwa umetoka Manyara umeingia Mkoa wa Dodoma bila kuhisi tofauti yoyote, maana watu ni wale wale: Wagorowa, Wairaqw, Warangi, ng'ombe wa Wabarbaig kandokando. Siku hizi ni lami tupu. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018, na wanaokumbuka vumbi la zamani na tope la masika huisimulia habari hiyo kama watu waliookoka. Njia yenyewe ni kongwe. Aprili 1916 askari wapanda farasi wa Jenerali van Deventer walipita huku huku, wakitokea upande wa Arusha kupitia Ufiome, wakiwasukuma Wajerumani mpaka wakaiteka Kondoa. Wiki chache baadaye Lettow-Vorbeck akaja kuitaka tena, akashindwa. Vita hivyo vimo katika hadithi hii, ingawa kwa mlango wa uani, nitavirudia.

Kolo ni kijiji cha kawaida cha barabarani. Ofisi ya Mambo ya Kale iko hapo hapo. Unaandika jina kitabuni, unalipa, unapewa mwongozaji. Wangu alikuwa mzee wa Kirangi, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na viatu vya matairi. "Marahaba mwanangu," aliniitikia, kisha akaniuliza kama miguu yangu ni mizima. Nilielewa sababu tulipofika chini ya kilima. Pikipiki inakufikisha mahali, baada ya hapo ni magoti yako, kwenye mawe na miti ya miombo, mpaka juu yanakosimama majabali makubwa yaliyoegemeana kama magunia ghalani.

Nilitegemea kuona haraka. Sikuona kitu. Niliona mwamba wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, basi. Mzee alikaa juu ya jiwe akafungua tambuu yake. "Usihangaike," akasema. "Kaa. Watakuja wenyewe."

Wakaja kweli. Kwanza mguu mmoja mrefu, mwembamba kuliko kidole changu. Kisha kiuno. Kisha nikagundua kwamba lile nililolidhani doa ni kichwa: kitu kikubwa cha mviringo, kizito kuliko shingo inayokibeba, kama mtu aliyefungasha nywele zake zote zikawa kilemba. Pembeni yake mwingine, amepinda mbele kupita kiasi, mikono imening'inia. Mwingine mwili wake umejazwa mistari kutoka juu hadi chini, kama shuka la mistari. Wengi hawafiki urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, lakini walivyovutwa kwenda juu, wembamba na warefu kama vivuli vya saa kumi na moja jioni, unahisi wanakuzidi kimo.

Hakuna hata mmoja mwenye uso.

Mtu anaweza kusema, hao ni watu wa kale, kuchora uso kuliwashinda. Hoja hiyo inakufa mara tu unaposogea karibu. Kwenye baadhi ya vichwa, nywele zimechorwa mstari mmoja mmoja, mistari ya ncha kali ambayo leo ungeitafutia brashi ya namba ndogo kabisa dukani. Kuna wanyama ambao hutakosea kuwataja: twiga ni twiga, pofu ni pofu. Aliyeweza kuchora unywele hakushindwa na jicho. Aliliacha kwa hiari yake. Alichokiona kinafaa kubaki cha mtu ni msuko wa nywele, mapambo, upinde, na zaidi ya vyote namna mwili unavyosimama: goti lilivyokunjwa, mgongo ulivyoinama, mkono ulivyonyooshwa kumshika mwingine.

Nimewahi kuyaona mawazo kama hayo mahali pengine, kwa mtu wa karne nyingine kabisa. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma na kufundisha Makerere na baadaye akawa balozi wetu wa kwanza London, alichora Wachaga wake wakilima, wakijenga, wakibeba mizigo. Mchoro wake wa 1956, wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ulinunuliwa mwaka 1960 na jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York. Watu wake ni wadogo na wamejaa kazi; ukitafuta pua ya fulani au macho ya fulani utatoka mikono mitupu. Sisemi Ntiro alijifunza Kolo. Nasema tu kwamba uso si lazima uwe ndiyo njia ya kumfikia mtu, hata kama studio zetu zote zinatuambia hivyo.

Rangi yenyewe ni ngeu, udongo mwekundu wenye madini ya chuma, ule ule ambao fundi seremala wa zamani alichovyea uzi wa kupigia mstari kwenye ubao. Unasagwa, unachanganywa na kitu cha kuushikisha. Mwamba ukiwa na mwinamo unaouzuia mvua, rangi inakaa. Hapa Kondoa miamba ya namna hiyo imejipanga kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mabamba makubwa ya mawe yaliyopasuka na kusimama wima, na yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Umri wa michoro ni suala la ubishi kwa sababu rangi zenyewe hazijapimwa moja kwa moja. UNESCO wao huandika kwamba watu wamechora hapa kwa miaka isiyopungua 2,000, na ukiwasikiliza wachimbaji wa mambo ya kale, wengi wanadhani michoro myekundu inarudi nyuma zaidi ya hapo, pengine mbali sana.

Wana sababu. Mwaka 1956 Ray Inskeep alichimba chini ya mwamba wa Kisese II, katika eneo hili hili, akashuka zaidi ya mita 6 kwenye mabaki ya watu waliokaa pale kizazi juu ya kizazi. Alikuta vipande vya ngeu. Alikuta shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, ambazo vipimo vilivyochapishwa mwaka 2018 vimeziweka kwenye miaka zaidi ya 40,000 iliyopita. Na alikuta watu wenyewe, mifupa iliyozikwa chini ya mwamba. Mwaka 2022 vinasaba vya baadhi ya watu wa Kisese vilichapishwa pamoja na vya wawindaji wengine wa kale wa Afrika. Nikiifikiria shanga ile ya yai la mbuni huwa namrudia bibi wa studio na bangili zake. Huenda kabla mtu hajachora mwili mwambani alikuwa ameshaanza kuupamba mwili wake mwenyewe, na inawezekana kabisa kwamba wa mwambani ni nakala tu ya kazi iliyokwisha kufanyika kwenye ngozi na nywele.

Kuandikwa kwa habari hizi kulianza taratibu, tena na watu waliokuja kwa shughuli nyingine. Mwaka 1923 Bagshawe, ofisa wa serikali ya Waingereza, alichapisha taarifa fupi kuhusu michoro iliyohusishwa na Wahadzabe. Mwaka 1929 ikafuata taarifa ya Nash kuhusu michoro ya karibu na Kondoa Irangi. Nash alikuwa mtaalamu wa mbung'o. Alikuwa anazunguka porini kuchunguza nzi wanaoua ng'ombe na kuwalaza watu usingizi, akaishia kutazama miamba. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ikaitangaza michoro kuwa urithi unaolindwa, na mwaka 1950 jarida la Tanganyika Notes and Records likatoa toleo zima juu ya michoro ya miambani, kazi iliyosukumwa zaidi na Henry Fosbrooke, ofisa mwingine aliyeipenda nchi hii kuliko alivyotakiwa na mwajiri wake.

Lakini mtu aliyekaa na watu wa Kolo muda mrefu kuliko hao wote, kwa maana ya kuwatazama mmoja mmoja, ni Mary Leakey. Dunia inamjua kwa fuvu la Olduvai la 1959 na nyayo za Laetoli. Ukweli ni kwamba aliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa kalamu. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji, na Mary alipokuwa na miaka kama 12 familia ilikaa Cabrerets, kusini mwa Ufaransa, ambako padri mmoja aitwaye Lemozi alimwingiza yule binti kwenye pango la Pech Merle akamwonyesha michoro ya kale. Hakusoma chuo kikuu. Alijulikana kwa kuchora zana za mawe, ndipo mchimbaji wa mambo ya kale Louis Leakey, baadaye mumewe, alipomwomba amchoree za kitabu chake. Mwaka 1935, akiwa na miaka 22, akafika kwa mara ya kwanza kwenye miamba ya Kondoa.

Alirudi 1951 kwa kazi kamili. Utaratibu wake ulikuwa wa mshona nguo anayechukua vipimo. Anabandika karatasi angavu juu ya mwamba, anafuatisha kila mstari uliopo, ule ulio wazi na ule uliobaki kama pumzi kwenye kioo. Kisha anahamishia kwenye karatasi ya kuchorea, anachanganya rangi hapo hapo mbele ya mwamba mpaka ilingane na ya ukutani. Mtu akimwangalia kwa mbali angedhani anawapima nguo. Kwa miezi michache aliorodhesha miamba 186 na kunakili takriban maumbo 1,600. Baadaye aliandika kwamba kipindi hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyompa furaha kubwa maishani, na mimi namwamini. Aliyemaliza siku nzima akiufuatisha mgongo wa mtu mmoja kwa kalamu anaujua mgongo ule kuliko anayeusimulia. Nakala zile zilikaa miaka mingi kabla hazijatoka kama kitabu, mwaka 1983, kikiwa na jina linalosema wazi kwamba sanaa hii inatoweka.

Kuna kundi moja katika nakala zake ambalo kila anayeandika juu ya Kolo lazima alitaje, nami sitajitia ubingwa wa kulikwepa. Ni watu watano. Katikati yuko mwanamke. Matiti yanamtambulisha, jambo ambalo ni nadra, maana wengi mwambani huwezi kujua kama ni wa kike au wa kiume. Pande zote mbili wamo wengine wanaomshika mikono. Wawili wa upande mmoja wana vichwa vya mviringo vya kawaida. Wawili wa upande wa pili vichwa vyao vimebadilika umbo, kama watu waliovaa barakoa. Mary alisoma hapo kisa cha kunyakuliwa: waliovaa barakoa wanamvuta mwanamke, wenziwe wanamzuia asichukuliwe. Jina hilo likashika. Vitabu vikalirudia, waongozaji wakalirudia, wageni wakapanda kilima wakiwa tayari wanajua watakachokiona.

Niliposimama hapo nilijaribu kulisahau jina nikashindwa. Nilimuuliza mzee yeye anaona nini. Alitema tambuu pembeni, mbali na mwamba, akafikiri.

"Wewe umewahi kwenda ngomani?"

"Nimewahi, mzee."

"Mtu akipandwa, si mnamshika?"

Hakuwa amesoma majarida, lakini alikuwa amegusa jambo lililoandikwa na wasomi. Magharibi ya hapa wanaishi Wasandawe, wanaozungumza lugha yenye vidoko, ambao wanahesabiwa kuwa na uhusiano wa karibu zaidi na waliochora kwa rangi nyekundu. Mtafiti Eric ten Raa aliishi nao miaka ya 1960, na mwaka 1971 akachapisha makala iliyounganisha michoro na mila alizoziona zikiwa hai. Mojawapo ni simbo, ngoma ambayo wachezaji hunywa, huzunguka, huanguka, na kuwa simba, ili wawakabili wachawi wanaosumbua watu. Nyingine ni iyari, ya kuzaliwa mapacha. Miaka ya 1980 David Lewis-Williams wa Afrika Kusini, aliyezoea kusoma michoro ya Wasan kwa njia ya ngoma za uganga, akaitazama ya Kondoa kwa jicho hilo hilo: miili mirefu kupita kiasi, migongo iliyopinda, vichwa vinavyogeuka kuwa vitu vingine, yote ni mambo ambayo mtu aliyepandwa huyasema kuhusu mwili wake mwenyewe. Anahisi anarefuka. Anahisi anaelea. Anahitaji kushikwa.

Ukisoma hivyo, kunyakuliwa kunageuka kuwa kuhudumiwa. Mikono ile ile, watu wale wale watano.

Mimi sina haraka ya kuchagua. Naona tu kwamba mchoraji alituachia mikono kwa uangalifu mkubwa na akatunyima nyuso, na uso ndio ungetuambia kama yule mwanamke anapiga kelele au anaimba. Sisi tuliolelewa na picha tunaijaza nafasi hiyo kwa tulichokuja nacho. Bibi Leakey alikuja na kisa cha kunyakuliwa. Mzee wangu alikuja na ngoma.

Utafiti haujasimama. Fidelis Masao, Mtanzania aliyechimba chini ya miamba kadhaa ya kanda ya kati miaka ya 1970 na kutoa kitabu mwaka 1979, ndiye aliyetuonyesha kwamba michoro na udongo ulio chini yake visomwe pamoja. Kabla yake wengi walitazama ukuta wakasahau sakafu. Na mwaka 2018, ndani ya pori la akiba la Swagaswaga, Maciej Grzelczyk wa Chuo Kikuu cha Jagiellonia, Poland, alikuta mwamba unaoitwa Amak'hee 4, ambao rangi yake haijaliwa sana na mvua. Habari zilichapishwa 2021. Katika safu ndefu ya watu wamo watatu ambao vichwa vyao vimebonyea katikati na kupanda pembeni kama paji la nyati lenye pembe. Mwili ni wa mtu, kichwa ni cha porini. Nyati yumo pia katika mambo ya simbo. Hata pango maarufu la Lascaux huko Ufaransa, lenye ng'ombe na farasi waliochorwa kwa ufundi wa kutisha, lina mtu mmoja tu, wa vijiti, na kichwa chake ni cha ndege. Inaelekea binadamu wa zamani alipojichora alipata shida moja kila mahali: kichwa akiweke cha nani.

Juu ya wekundu kuna weupe. Mzee alinionyesha kwa ncha ya fimbo, bila kugusa. Huu ni wa baadaye, wa wakulima na wafugaji waliokuja na lugha za Kibantu, mababu wa kina yeye. Unapakwa mnene, kwa kidole, wakati mwingine juu kabisa ya watu wekundu kana kwamba hawapo. Humo mwili unapungua sana. Mtu, akiwepo, ni umbo lililotanua mikono na miguu kama mjusi ukutani. Vinginevyo ni duara, nukta, alama ambazo maana yake ilikaa kwa wenye nazo. Wageni wengi huupita mweupe haraka kwa sababu si mzuri wa kupiga picha. Nadhani ni kosa. Wale wa rangi nyeupe hawakuhitaji kuchora mwili unaocheza kwa sababu walikuja pale na miili yao, na bado wanakuja.

Maana mwamba huu ni mahali pa tambiko hadi leo. Jina lake ni Mungomi wa Kolo. Mvua ikichelewa, mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, Warangi hupanda hapa na mbuzi, na pombe ya mtama, na mganga anayejua maneno. Wengi wao ni Waislamu wanaoswali swala tano, na dini yao haipendi sanamu wala taswira ya kiumbe. Nilimuuliza mzee hayo mawili anayapatanishaje, akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini usiku kuna giza. "Hatuji kwa picha," akasema. "Tunakuja kwa mahali."

Hapo ndipo serikali na wenyeji walipogongana muda mrefu. Pombe na mafuta ya mbuzi hurushwa mwambani, juu ya rangi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu. Haikuandikwa kwa ajili ya kulinda kinachofanywa na watu mbele ya vitu hivyo. Kisha mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza Michoro ya Miambani ya Kondoa kwenye Urithi wa Dunia, eneo la kilomita za mraba 2,336, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba mila za wenyeji mahali hapa zingali hai. Kwa hiyo mafuta ya mbuzi yaliyo doa kwa mlinzi wa rangi ni sehemu ya sifa iliyoleta cheti. Nilitamani kucheka.

Madoa ya pombe si kitu ukiyalinganisha na mashimo. Vile vita vya 1916 viliacha uvumi kwamba Wajerumani walipokimbia walizika mali, na waliozika waliweka alama kwenye mawe. Alama mwambani zipo, tena nyekundu! Wakaja watu usiku na majembe na nyundo, wakachimba chini ya watu waliokuwa wamekaa pale kabla Ujerumani haijaitwa Ujerumani. Vizimba vya nguzo na wavu wa waya vilivyowahi kuwekwa mbele ya baadhi ya miamba navyo havikudumu. Waya una kazi nyingi kijijini. Na kuna sisi wageni wenye chupa za maji. Mwamba ukilowa, rangi hukolea kwa dakika chache na picha inatoka nzuri, halafu maji yanakauka na chumvi ya jiwe inapanda juu ya rangi kama utando. Wakati mzee ananieleza hayo niligundua anaiangalia chupa iliyokuwa mkononi mwangu. Niliirudisha kwenye begi.

Kabla ya kushuka alinipeleka upande wa nyuma, kwenye jabali dogo ambalo halimo kwenye njia ya wageni. Palikuwa na mchoro mmoja, au mabaki yake: tufe la nywele juu, na chini kabisa mguu mmoja uliokanyaga hewa. Katikati jiwe lilikuwa limebanduka, jeupe, tupu.

"Huyu nilimkuta mzima," akasema. "Nilikuwa nachunga mbuzi huku."

Nilimuuliza alikuwa amesimamaje.

Akaiegemeza fimbo yake mwambani. Akavua kofia, akaiweka juu ya jiwe. Kisha mzee yule, ambaye nusu saa iliyopita alikuwa akilalamikia nyonga, akakunja magoti, akatoa makalio nyuma, akauinamisha mgongo mpaka kifua kikawa karibu sambamba na ardhi. Mkono wa kushoto akauning'iniza. Wa kulia akaunyoosha mbele, vidole vimefumba kitu nisichokiona. Akageuza kichwa pembeni ili nisiuone uso wake. Akakaa hivyo. Nilihesabu pumzi zake nne, tano. Majani makavu yalipeperuka yakapita baina ya miguu yake.

"Hivi," akasema kutoka huko chini. "Ila yeye alikuwa mwembamba."

Akajinyoosha taratibu, mkono mmoja kiunoni, akaokota kofia akaikung'uta.